Matanga Ambayo Watoto Hawakuyakaa

Kila inapotajwa athari ya korona kwa watoto wa Kenya, mazungumzo huelekea moja kwa moja kwenye masomo: mtaala uliobanwa, mitihani iliyosogezwa mbele, wanafunzi waliofika Gredi ya 5 bila kujua kusoma sawasawa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mombasa na siidharau hesabu hiyo, kwani ndiyo kazi inayonilisha. Hata hivyo, niliwafundisha watoto hao kabla shule hazijafungwa, nikawafundisha tena zilipofunguliwa, na tofauti kubwa niliyoiona ndani yao haikuhusu kugawanya na kuzidisha. Walirudi na mambo ambayo hakuna mtu mzima aliyewaeleza, na misiba ambayo hawakupewa nafasi ya kuilia pamoja na wenzao, nasi tukawapokea kwa ratiba mpya na tarehe ya mtihani. Jambo linalonikera zaidi ni kwamba ujuzi wa kuwahudumia watoto wa namna hiyo ulikuwepo. Ulipatikana kwa gharama kubwa karibu na Ziwa Victoria wakati wa UKIMWI, na korona ilipofika karibu kila mtu alikuwa ameusahau.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020. Jumapili iliyofuata Rais Uhuru Kenyatta aliagiza shule zifungwe, za kutwa kuanzia kesho yake na za bweni kufikia Jumatano. Zaidi ya wanafunzi milioni 15 wakarudishwa nyumbani, wengi wakidhani kwamba ni likizo ya wiki mbili tatu, na watoto wa mtaani kwangu walishangilia kwa sauti. Kelele hizo zilikoma tarehe 27 Machi ilipoanza kafyu, ya kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku hiyo, hata kabla saa haijatimia, polisi waliwapiga na kuwafyatulia gesi ya kutoa machozi abiria waliokuwa wamesongamana kwenye kivuko cha Likoni wakijaribu kuwahi nyumbani. Miongoni mwa abiria hao walikuwa wazazi wa watoto tunaowafundisha. Siku tatu baadaye mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao huko Mathare, Nairobi, na habari yake ikawafikia watoto wa Mombasa kabla hawajapata maelezo yoyote ya maana kuhusu kirusi chenyewe. Watoto huzisikiliza habari za watoto wenzao kwa makini kuliko tunavyodhani. Kwa wengi wao, sura ya kwanza ya ugonjwa ule ilikuwa ya askari mwenye rungu, na hofu waliyojifunza jioni hizo ilikuwa ya mlango kugongwa.

Tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale ulifungwa, watu wakakatazwa kuingia wala kutoka, na ukabaki hivyo hadi mwanzoni mwa Juni. Misikiti ilikuwa imefungwa, na chuo cha Kurani, ambako mtoto wa Kiislamu wa pwani hupitisha alasiri zake, kilikuwa kimefungwa pia. Idd ilipofika mwishoni mwa Mei hapakuwa na pembea wala michezo katika uwanja wa Makadara. Najua kwamba kuna watakaoniambia kuwa pembea ni jambo dogo watu wanapokufa. Kwa mtoto wa miaka saba si dogo hata kidogo, kwa sababu mwaka wake haugawanyiki kwa miezi ya kalenda: unagawanyika kwa Idd, kwa Krismasi, kwa kufunga na kufungua shule, kwa siku ya kwenda kwa nyanya. Vitu hivyo vilipoondolewa kwa pamoja, siku zikawa zote ni moja. Mama mmoja jirani yangu aliniambia kwamba mwanawe alikuwa akimwamsha alfajiri na kumwuliza, «Mama, leo ni siku gani?» na akishajibiwa anauliza, «Kwa nini?»

Agizo la kukaa nyumbani, zaidi ya hayo, liliandikwa na watu wenye nyumba. Familia inayoishi katika chumba kimoja cha kupanga, Kisauni au Likoni au mtaa wa Bangladesh hapa Mombasa, huishi nusu ya maisha yake nje ya mlango: kichochoroni ndiko watoto wanakocheza kati na bano, ndiko wanakorukia kamba, ndiko wanakogombana na kupatana. Huko mtoto hutibu hofu zake bila kujua kwamba anazitibu. Mwezi Aprili niliwaona watoto wa nyumba ya jirani wakicheza mchezo wao mpya, mmoja akiwa polisi, mmoja mgonjwa, mmoja Waziri wa Afya akihesabu waliopatikana na ugonjwa kwa sauti nzito ya televisheni. Mzazi aliyewafukuza aliona kwamba wanafanya mzaha na jambo zito. Nilitamani angewaacha, kwa sababu mtoto anayeigiza kinachomtisha yuko katika hali nzuri kuliko yule anayekaa kimya pembeni akikunja na kukunjua ncha ya shati lake.

Kisha kulikuwa na suala la pesa. Hoteli za Nyali, Bamburi na Diani zilifunga milango, wapishi na madereva wakarudi nyumbani kwa likizo isiyo na mshahara, na watoto wakaanza kumwona baba mchana, jambo ambalo awali liliwafurahisha. Mtoto hahitaji kuambiwa kwamba pesa zimekwisha. Anajua pale chai inapokuwa ya rangi mara mbili kwa siku, pale anapotumwa dukani kukopa na anarudi mikono mitupu, pale wazazi wanapoanza kuzozana kwa sauti ya chini baada ya taa kuzimwa. Waliokuwa wakipata chakula cha mchana shuleni walikikosa pamoja na masomo. Masomo yenyewe yalihamia redioni, kwenye televisheni na kwenye intaneti, na Julai tukatangaziwa maputo ya kampuni ya Loon yanayoelea angani kusambaza mtandao, habari iliyowafurahisha sana watu waliokuwa na simu za kisasa. Darasani kwangu nyumba nyingi zilikuwa na simu moja ya mulika mwizi, isiyo na intaneti, ambayo baba aliondoka nayo asubuhi, na pesa ya bando ilikuwa ndiyo pesa ya unga. Mtoto aliyejua kwamba wenzake wanasoma na yeye hasomi alibeba aibu ambayo haikuwa yake.

Walimu nao waliporomoka machoni pa watoto. Wale wa shule za binafsi waliachishwa kazi kwa wingi, na huko Mwea, Kirinyaga, shule moja iligeuza madarasa yake kuwa mabanda ya kuku, picha zake zikazunguka dunia nzima. Mtoto aliyemkuta mwalimu wake akiuza viazi karai kando ya barabara hakujua amwamkie vipi.

Dalili za yote haya zilitofautiana kwa umri, na wazazi wengi hawakuzitambua kuwa ni dalili. Waliokuwa na miaka mitatu au minne walirudi nyuma: aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani akaanza upya, aliyekuwa amezoea kulala peke yake akang'ang'ania kanga ya mama. Walikemewa, na wengine walichapwa, kwa jambo ambalo hawakuwa na uwezo nalo. Wa umri wa kati walilalamika tumbo na kichwa, hasa jioni. Vijana walibadilisha usiku kuwa mchana, wakawa wepesi wa hasira, wakaacha kujibu wanapoitwa, na tukaita hali hiyo utundu. Uchambuzi mmoja wa tafiti 29 zilizohusisha karibu vijana 81,000, uliochapishwa mwaka 2021, ulikadiria kwamba mmoja kati ya wanne alikuwa na dalili za sonona na mmoja kati ya watano alikuwa na dalili za wasiwasi uliokithiri, takriban mara mbili ya ilivyokuwa kabla ya janga. Nyingi ya tafiti hizo zilifanywa Asia Mashariki, Ulaya na Amerika Kaskazini. Watoto wa Likoni hawamo ndani yake, na nisingependa mtu azichukue takwimu hizo na kuzibandika hapa bila kufikiri, ingawa sioni sababu ya kuamini kwamba wetu walikuwa na ngozi ngumu zaidi.

Ni haki kusema pia kwamba si kila mtoto aliumia. Wapo waliostawi. Namkumbuka mvulana mwenye kigugumizi aliyekuwa akichekwa kila aliposimama kusoma. Alirudi akiwa ametulia, kwa sababu kwa miezi tisa na zaidi hakuna aliyemcheka. Wapo waliojifunza kuvua na babu, kukanda unga wa mahamri, kuwatunza wadogo zao kwa ustadi unaonishinda. Waliokuwa na mtu mzima mmoja tu aliyetulia, awe mama, shangazi au kaka mkubwa, mtu aliyewajibu maswali yao bila kuwafukuza, walivuka kipindi kile wakiwa wazima kwa kiwango kilichonishangaza, hata kama nyumbani chakula kilikuwa cha shida. Ndiyo sababu nasema kwamba umaskini peke yake hauelezi tofauti niliyoiona.

Kilichoieleza zaidi, kwa kadiri nilivyoweza kufuatilia, ni kifo na jinsi kilivyoshughulikiwa. Amri za serikali ziliruhusu watu 15 tu mazikoni, na katika miezi ya mwanzo aliyeshukiwa kufa kwa korona alizikwa haraka, na wahudumu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga kutoka utosini hadi unyayoni. Mwezi Aprili 2020 huko Siaya mwanamume mmoja alizikwa usiku kwa namna hiyo, video yake ikasambaa katika simu za nchi nzima, na watoto wakaiona kama walivyoona kila kitu kingine kilichokuwa katika simu za wazazi wao. Ukiambiwa uchague watu 15 katika ukoo wa watu 200, mtoto hawezi kuwa mmoja wao. Mjukuu aliyelelewa na nyanya tangu akiwa mchanga hakuhesabiwa miongoni mwa waliofiwa.

Mtu asiyekulia kwetu huenda asielewe kilichokosekana hapo. Matanga, kwa mtoto, ndiyo shule ya kifo. Anafika na kukuta turubai limefungwa, sufuria kubwa za pilau na chai, mikeka imetandikwa, binamu asiowajua wamelala kwa safu. Anawaona watu wazima, ambao siku zote hawalii, wakilia, kisha anawaona wakicheka wanapokumbuka vituko vya marehemu. Anacheza, anasahau, anakumbuka, anakwenda kwa mama kulia kidogo, anarudi kucheza. Huzuni ya mtoto huja na kuondoka namna hiyo, na kwenye matanga huwa kuna mtu wa kumpokea kila inaporudi. Anasikia hadithi za marehemu kutoka kwa watu kumi tofauti, mpaka kifo kinakuwa jambo lenye umbo, lenye siku ya kwanza, siku ya tatu, hitma na arobaini. Kwa Wakristo wa bara na wa pwani taratibu ni tofauti, lakini kazi zinayoifanya ni ile ile. Mwaka ule mtoto aliambiwa habari akiwa chumbani, mara nyingi na mtu aliyekuwa na haraka, kisha televisheni ikawashwa.

Wengine hawakuambiwa kabisa. Msichana mmoja wa darasa langu, wakati huo akiwa na miaka tisa, alifiwa na nyanya yake mwezi Juni. Nyumbani walimwambia kwamba nyanya amekwenda Malindi kwa jamaa. Alinisimulia baadaye, kwa ile hali ya watoto ya kueleza mambo makubwa huku wakichonga penseli, kwamba alijua papo hapo kuwa ni uongo, kwa sababu njia zilikuwa zimefungwa na hakuna aliyekuwa akiruhusiwa kutoka Mombasa. Hakuwauliza tena. Alikaa na jambo hilo hadi shule zilipofunguliwa, na siku moja, wenzake walipokuwa wametoka kwenda kunawa mikono, akaniuliza:

«Mwalimu, nyanya alikufa kwa sababu yangu? Nilimkumbatia kabla sijanawa.»

Nilimjibu kwamba hapana, na kwamba nyanya yake alikuwa mgonjwa wa sukari kwa miaka mingi, jambo ambalo nililijua. Aliniuliza mara tatu katika wiki ile, kila mara kwa maneno mengine kidogo, na kila mara nilimjibu vilevile. Mtoto wa umri huo huamini kwamba matendo yake, hata mawazo yake, yana nguvu ya kusababisha mambo. Na sisi tulikuwa tumemwongezea matangazo ya redio yaliyomwambia mchana kutwa kwamba asiponawa atawapelekea wazee ugonjwa. Ujumbe huo ulikuwa sahihi kiafya, na sidhani kwamba aliyeuandika alikuwa na nia mbaya. Lakini hakuna aliyeandika sentensi ya pili, ile ambayo ingemwambia mtoto kwamba mtu mzima akiugua, si yeye aliyemuua.

Hapa ndipo ninapotaka kuzungumzia Kagera. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani humo mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage, wilaya ya Muleba, wakati wenyeji walipokuwa wakiuita ugonjwa huo Juliana kwa jina la mashati yaliyokuwa yakiingia kutoka Uganda. Ndani ya miaka kumi kulikuwa na kaya zilizobaki na bibi na wajukuu tu, na nyingine zilizobaki na watoto peke yao. Msaada wa mwanzo ulikuwa wa sare za shule, mablanketi na mahindi, kama ilivyo kawaida. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika wilaya hiyo hiyo ya Muleba, mradi uitwao Humuliza ulianza kufanya jambo tofauti: ulifundisha walimu na walezi kutambua huzuni ya mtoto aliyefiwa, huzuni ambayo darasani huonekana kama uvivu, kusinzia au ugomvi, na kuzungumza naye kuhusu wazazi wake badala ya kuzikwepa habari zao. Watoto wenyewe wakawa na chama chao, Vijana Simama Imara, wakichagua viongozi wao na kuweka akiba pamoja. Kutokana na uzoefu huo na mwingine wa aina yake likazaliwa shirika la kikanda, REPSSI, mwaka 2002, ili kueneza mbinu hizo mashariki na kusini mwa Afrika.

Ng'ambo ya mpaka, huko Uganda, wanawake wenye virusi vya UKIMWI waliojiunga katika chama cha NACWOLA walianza kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao. Mama aliandika mahali mtoto alipozaliwa, ukoo wake, jino lake la kwanza, chakula alichokipenda, na alichokitarajia kwake. Waliofanya kazi hiyo walieleza kwamba kitabu chenyewe hakikuwa na uzito mkubwa kama saa zile za kukiandika, mama na mtoto wakiwa wamekaa pamoja, na ugonjwa ukiwa umetajwa kwa jina lake mbele ya mtoto.

Ninaamini pia kwamba mambo haya hayakomi mtoto anapoonekana kusahau, na Kagera inatupa ushahidi usio wa kawaida. Watafiti waliohesabu kaya za mkoa huo mwanzoni mwa miaka ya 1990 walirudi mwaka 2004 kuwatafuta wale wale waliokuwa watoto, hata waliohamia mbali. Waligundua kwamba waliofiwa na mama wakiwa wadogo walikuwa wamebaki wafupi kwa takriban sentimita 2 na wamekosa karibu mwaka mmoja wa masomo ikilinganishwa na jinsi ambavyo wangekuwa, na pengo hilo halikuzibika kadiri walivyokua. Urefu na madarasa ndivyo vitu ambavyo mtafiti anaweza kuvipima kwa futi na daftari. Upweke hauna futi, lakini sidhani kwamba ulikuwa mfupi zaidi.

Kwa hivyo korona ilipofika, Afrika Mashariki ilikuwa na walimu waliostaafu, wauguzi wa vijijini na akina mama wa vikundi waliojua hasa cha kumwambia mtoto aliyefiwa katika janga. Sikumbuki kumwona hata mmoja wao akiketi kwenye zile meza za mikutano ya waandishi wa habari. Ulimwenguni kote, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba hadi mwisho wa Aprili mwaka huo watoto wapatao milioni 1.5 walikuwa wamefiwa na mzazi, au na babu au bibi anayeishi nao na kuwalea. Neno yatima halikusikika mara nyingi katika hotuba za korona.

Badala yake tulibishana kuhusu kalenda. Tarehe 7 Julai 2020 Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo umefutwa na shule zitafunguliwa Januari. Mtoto wa Darasa la 8 aliyejiandaa kwa mtihani kwa miaka minane aliambiwa kwamba mwaka wake haupo. Kisha mambo yakabadilika, na tarehe 12 Oktoba Gredi ya 4 (kundi la kwanza la mtaala mpya), Darasa la 8 na Kidato cha 4 wakaitwa warudi, wengine wote wakasubiri hadi tarehe 4 Januari 2021. Ninafahamu ugumu wa kuamua mambo wakati ule. Ila mtoto huvumilia karibu kila kitu akijua tarehe ya mwisho wake, na tarehe ndicho kitu tulichoshindwa kumpa. Wa Gredi ya 4 waliorudi Oktoba walikuwa na miaka tisa au kumi. Walikaa katika shule iliyojengwa kwa mamia, mmoja kwa kila dawati, wakikatazwa kugusana, na wakati wa mapumziko walisimama uani wakitazamana.

Jirani zetu walipita njia nyingine. Tanzania ilifunga shule Machi 2020 na kuzifungua zote kufikia tarehe 29 Juni, kwa hivyo watoto walirejea mapema kwa wenzao, ingawa walirejea katika nchi ambayo takwimu za ugonjwa zilikuwa zimekoma kutangazwa tangu mwisho wa Aprili, na aliyefiwa baadaye hakuwa na jina la kuupa msiba wake. Uganda ilifungua kwa vipande na kufunga tena, hadi tarehe 10 Januari 2022 ndipo madarasa yote yalipofunguliwa. Aliyeacha shule akiwa na miaka 12 alirudi akiwa anakaribia 14, kama alirudi.

Wasichana wengi hawakurudi. Habari zilizovuma Juni 2020 kuhusu maelfu ya mimba za wasichana Machakos zilizua ubishi mkali, kwani takwimu zile zilikuwa za hospitali na hazikuonyesha ongezeko la wazi juu ya mwaka uliotangulia, na ubishi huo ukawapa wengi kisingizio cha kulifunga jambo lote. Utafiti makini zaidi ulifanywa Siaya na kuchapishwa mwaka 2022: wasichana wa sekondari waliopitia kipindi cha kufungwa kwa shule walikuwa katika hatari mara mbili ya kupata mimba kabla ya kumaliza masomo, na mara tatu ya kuacha shule, kuliko waliowatangulia. Nyuma ya kila mmoja kuna miezi ambayo hakuna mtu mzima aliyekuwa akimwona kila siku asubuhi na kugundua kwamba amebadilika. Kazi hiyo ya kuona ndiyo nusu ya ualimu, na haimo katika silabasi.

Waliorudi tuliwakimbiza. Ili kuifidia miezi iliyopotea, mwaka wa masomo ulifupishwa, likizo zikawa za siku chache, na mitihani ya kitaifa ikafanywa Machi 2021, Machi 2022 na Novemba 2022. Januari 2021 kulipotokea vurugu katika baadhi ya shule na walimu kushambuliwa, sauti ya kwanza iliyosikika kutoka juu ilikuwa ya kutaka kiboko kirudishwe, adhabu iliyopigwa marufuku shuleni tangu 2001. Mwishoni mwa mwaka huo mabweni yaliteketezwa katika shule nyingi, mpaka wizara ikaongeza mapumziko mafupi ya katikati ya muhula mwezi Novemba. Siwatetei waliochoma mabweni. Moto ungeweza kuua. Lakini kundi la vijana waliotoka katika njaa, kafyu na misiba isiyoliliwa, wakafungiwa bwenini kwa mihula mfululizo bila kuulizwa swali moja kuhusu walikotoka, haliwezi kuelezwa kwa utovu wa nidhamu pekee. Jopokazi la serikali kuhusu afya ya akili lilikuwa limekwisha kukabidhi ripoti yake Julai 2020, likipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa dharura ya kitaifa.

Katika shule yetu tulifanya kidogo tulichoweza. Mwalimu mwenzangu wa madrasa na mwingine wa kanisani walikubali kuja Ijumaa moja kuwaombea waliofariki, na kila mtoto aliyetaka alitaja jina la mtu wake kwa sauti. Tulitarajia majina machache. Yalichukua kipindi kizima, na yalijumuisha paka wawili na dereva wa matatu aliyekuwa akiwapeleka shule. Baada ya hapo yule msichana wa nyanya aliacha kuniuliza swali lake, na mvulana mmoja aliyekuwa akipigana kila siku alikaa na mwalimu wa Kiswahili akimweleza habari za baba yake hadi kengele ya kwenda nyumbani. Sidai kwamba tuliwaponya. Tulichofanya ni kile ambacho matanga yangefanya, kwa kuchelewa na kwa ufupi.

Wale wa Gredi ya 4 wa Oktoba 2020 walifanya tathmini ya Gredi ya 6 mwishoni mwa 2022 na wakawa wa kwanza kuingia sekondari msingi mwaka 2023, yaani walitumiwa tena kujaribia mfumo mpya. Sasa ni vijana. Bado katika shule nyingi ninazozifahamu mwalimu wa ushauri nasaha ana vipindi vingi sawa na mwalimu mwingine yeyote, na ushauri hutolewa wakati wa chai, mlangoni pa ofisi, wengine wakipita. Nambari ya bure ya kuwasaidia watoto, 116, imebandikwa ukutani katika shule yetu karibu na bomba la maji, na watoto huipiga. Najua kwa sababu huja kuomba simu. Ningeomba vipindi viwili kwa wiki vitolewe katika ratiba ya mwalimu wa ushauri nasaha na chumba chenye mlango unaofungika, na kwamba kila chuo cha ualimu kifundishe, walau kwa muhula mmoja, yale ambayo walimu wa Muleba walifundishwa zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Gharama yake ni ndogo kuliko ya paa moja la bweni.